Maziwa ya Mdogo Wangu

Jumamosi, 15 Machi

Mvua imeanza, na mdogo wangu amejifungua kabla ya wakati, miezi miwili na zaidi kabla ya siku zake. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi ya watoto, maana ndani hawaruhusu viatu, na vyangu vimelowa kiasi kwamba hata nikivivua nitaacha dimbwi.

Ilikuwa juzi. Kitinda (tunamwita hivyo tangu utotoni kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa mama yetu) alinipigia simu dukani akasema kichwa kinamgonga na anaona vitu viwili viwili. Mumewe yuko safarini na lori. Nilimwachia tajiri wangu duka lake na nondo zake, mteja akiwa bado anasubiri misumari kwenye mizani, nikakimbia. Nilimkuta sakafuni, mwili unamrukaruka, povu mdomoni. Hospitali wakasema ni kifafa cha mimba. Wakamtoa mtoto ili wamwokoe mama.

Mtoto ni wa kike. Uzito wake ni sawa na pakiti ya kilo moja ya misumari na michache ya nyongeza. Nimempa jina la kuitia tu: Punje.

Mimi nimeolewa miaka kumi na miwili na sijawahi kubeba mimba hata ya wiki moja. Nalisema mwanzoni ili shajara hii isije ikanishangaa huko mbele.

Jumapili, 16 Machi

Kitinda hajafumbua macho vizuri. Shemeji yuko mbali, barabara imekatika kwa mafuriko.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimembeba.

Muuguzi mkuu wa wodi ile, mama mnene anayetembea kama hagusi sakafu, wote wanamwita Sista tu. Aliniuliza, "Mama wa huyu yuko wapi?"

"Wodi ya wazazi, upande wa pili wa uwanja. Hajiwezi."

"Na wewe ni nani wake?"

"Dada wa mama yake. Mimi ndiye mkubwa."

"Basi wewe ni mama mkubwa. Fungua vifungo, kifua unacho."

Akanilaza nusu kwenye kiti, akamweka Punje katikati ya kifua changu, ngozi kwa ngozi, akatufunga pamoja kwa kitenge. Mrija mwembamba umeingia puani mwa mtoto na kushuka hadi tumboni, ndio anaolishwa nao, maana hajui bado kunyonya na kupumua kwa pamoja. Alikuwa na nepi inayomfika kwapani na kofia ya sufu. Akatulia. Pumzi yake ilikuwa inatetemeka kisha ikafuata yangu.

Nilikaa hivyo mpaka miguu ikafa ganzi. Sista aliponiambia nimrudishe kwenye mashine ya joto, nilijifanya sijasikia.

Alhamisi, 20 Machi

Kitinda ameanza kutoa maziwa. Nilidhani mwili ule uliovimba, wenye dripu mkono wa kushoto na kipimo cha presha mkono wa kulia, hauna cha kutoa. Muuguzi wa wodi ya wazazi alimwonyesha jinsi ya kukamua kwa mkono, na matone mazito ya manjano yakaanguka kwenye kikombe. Hakuyatazama hata. Akageuza uso dirishani.

"Hutaki kujua anaendeleaje?" nilimuuliza.

"Ukija unaniambia. Mimi siwezi kumwona, Dada. Nikimwona halafu akaondoka je?"

Kwa hiyo nimekuwa tarishi. Nachukua kikombe, nakifunika, nakikumbatia chini ya mwavuli, navuka uwanja. Njiani leo nilisimama chini ya paa la njia ya wagonjwa nikafunua nikatazama. Kijiko kimoja hakijai. Mwanamke amelala, hataki, hajaomba, hamtazami hata mwanawe, na mwili wake unatoa kitu ambacho wangu haujawahi kukifikiria. Nilikuwa na hasira na kile kikombe. Mtu mzima kukasirikia kikombe.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua kutwa. Nimevuka uwanja mara nane.

Jumatatu, 24 Machi

Kuna muuguzi mgeni zamu ya asubuhi. Aliniona nimembeba Punje akasema, "Mama mtoto, mwinue kichwa kidogo." Nikamwinua kichwa kidogo. Akaniuliza, "Huyu ni wa kwanza?" Nikajibu, "Ndiyo, wa kwanza." Si uongo. Kitinda hana mwingine.

Mama yetu alipofariki Kitinda alikuwa darasa la kwanza na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimepata kazi. Nilimsuka, nilimfulia, nilimpeleka shule. Mahari yake niliipokea mimi pamoja na mjomba. Kila nilichonunua nilikata vipande viwili, na kikubwa kilikuwa chake, maana ndiye mtoto. Sasa naona hata Mungu alishika kisu kile kile.

Nikimaliza kuandika haya nitatubu. Lakini kwanza niyaandike.

Alhamisi, 27 Machi

Leo ni siku ndefu.

Asubuhi walimpima Punje. Mizani imegoma. Wiki ya kwanza walisema kupungua ni kawaida, lakini sasa alipaswa awe anapanda, naye yuko pale pale. Daktari alimwita mtaalamu wa lishe, binti mmoja mrefu mwenye sauti ya taratibu. Akanichukua hadi chumba cha maziwa, kichumba chenye beseni, jiko dogo, na rafu ya vikombe vilivyochemshwa. Akamimina maziwa ya Kitinda kwenye kikombe cha kupimia, akachana pakiti ndogo, akanyunyiza unga mweupe, akakizungusha kikombe taratibu bila kukitikisa, mpaka unga ukayeyuka.

"Hiki ni kirutubishi," alisema. "Tunakiongeza kwenye maziwa ya mama."

"Maziwa yake ni mabaya?"

"Hapana. Ni mazuri kuliko kitu chochote ninachoweza kumpa. Lakini mtoto huyu alitakiwa bado awe tumboni, anapokea protini na madini ya mifupa kwa njia ya kitovu. Kitovu tumeshakikata. Na kijitumbo chake hiki siwezi kukijaza maziwa mengi. Basi yale machache anayopata nayaongezea nguvu."

"Kama nondo kwenye zege," nilisema, maana ndiyo lugha niijuayo.

Akacheka. "Sawa kabisa. Lakini nondo peke yake si nyumba. Bila maziwa ya mama, pakiti hizi kwangu hazina kazi. Mwambie mama yake hivyo hivyo. Mwambie maziwa yake hayana kasoro, na aendelee kukamua mchana na usiku, yasije yakakauka. Au nije niongee naye mwenyewe?"

"Una kazi nyingi," nilisema. "Nitamwambia."

Nikavuka uwanja. Kitinda alikuwa ameketi, kwa mara ya kwanza, amechanwa nywele, mzuri kama siku zote hata akiwa amevimba. Kando yake kikombe kimejaa hadi nusu. Shemeji alikuwa amempigia, wanazungumza, anamwambia, "Maziwa yanatoka mengi sasa, hata wauguzi wanashangaa." Akatabasamu kwa simu ile. Simu ilipokatika akaniuliza, "Wanasemaje?"

Nilikuwa na maneno yote kinywani. Nikasema, "Wanasema maziwa yako hayamtoshi. Uzito haupandi. Wameanza kumtilia unga."

Nikanyamaza hapo.

Alinitazama kama anayesubiri kilichobaki. Sikukitoa. Akajilaza taratibu, akavuta shuka hadi kidevuni. "Hata hilo nimeshindwa," alisema.

Hakuna neno hata moja nililosema ambalo si la kweli, nimeyapima yote. Na nilihisi raha. Niandike nini kingine? Raha, kama mtu aliyeshinda na viatu vya kubana akavivua.

Ijumaa, 28 Machi

Punje amepanda kidogo. Unga unafanya kazi. Nimembeba tangu asubuhi.

Jumapili, 30 Machi

Kikombe cha leo kilikuwa kidogo. Kitinda anasema kichwa kinauma, na mikono imechoka kukamua. "Si wana unga wao," alisema. Nilimwambia apumzike. Nani atamlaumu mtu kwa kumwambia mgonjwa apumzike?

Jumanne, 1 Aprili

Mume wangu amemaliza kupaka kile chumba cha pili. Yeye ni fundi rangi, tulijuana pale pale dukani akinunua brashi. Wiki iliyopita nilimwambia kwamba Kitinda akitoka atahitaji mahali pa kukaa na mtoto, shemeji hakai nyumbani, na kwa hiyo watakaa kwetu. Hakubisha. Leo ameosha brashi zake bombani, amesimama mlangoni ananitazama napanga nguo ndogo nilizonunua.

"Tumepaka kwa ajili ya mgeni," aliniuliza, "au kwa ajili ya mwenye nyumba?"

"Maana yake?"

"Nauliza tu. Rangi ya mgeni huwa haina haraka hivi."

Nimelala nikiwa nimempa mgongo.

Jumatano, 2 Aprili

Sista ameniuliza kwa nini maziwa yanapungua. "Ulimwambia alivyosema mtaalamu?"

"Nilimwambia."

Ijumaa, 4 Aprili

Leo kikombe kilikuwa kitupu. Kitinda alikigeuza tu chini juu, kama mtu anayeaga meza.

Sista hakufurahi. Alisimama na mikono kiunoni, akaongea na daktari, wakaamua mtoto hawezi kukaa na njaa. Wamefungua maziwa ya kopo ya watoto njiti. Pakiti za kirutubishi zimebaki rafuni, maana hazina maziwa ya kutiliwa.

Nilishika bomba la sindano mimi mwenyewe, yakashuka kwenye mrija taratibu hadi tumboni. Nilikuwa nafikiri hivi: maziwa ya kopo hayana mama. Yeyote anayeshika kikombe ni sawa na mwingine. Sasa mimi na Kitinda tuko sawa.

Jumapili, 6 Aprili

Tumbo la Punje limevimba.

Niliona mimi kwanza. Alikuwa kifuani pangu, nikahisi kijitumbo kigumu, kimekaza kama ngoma. Akawa hataki kuamka. Nilimwita Sista, akavuta kidogo kwa bomba la sindano kwenye mrija, kikaja kitu cha kijani. Sista yule asiyegusa sakafu, leo nilisikia hatua zake.

Wakamchukua kifuani kwangu, kitenge kikabaki kinaning'inia. Wakamrudisha kwenye mashine. Daktari akasimamisha maziwa yote, wakaweka dripu kichwani kwa sababu mikononi mishipa haikuonekana, wakaanza dawa za sindano.

"Ni utumbo," daktari aliniambia. "Kwa watoto wadogo hivi unaweza kuvimba, ukizidi unaoza. Tumewahi, nadhani."

"Ni yale ya kopo?"

"Sitakuambia ndiyo kwa hakika. Ugonjwa huu huwapata hata wasiokunywa ya kopo. Lakini wanaotumia maziwa ya mama huupata kwa nadra zaidi. Tukimvusha hapa, ningependa sana tuanze tena na ya mama yake. Yapo?"

Mwanamke wa kitanda cha jirani, mwenye mapacha, alinionea huruma. Akanishika bega akasema, "Kamwite mama yake, dada. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

Miaka kumi na miwili nasikia methali hiyo. Harusini, msibani, sokoni. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye niliyeligusa tumbo lile, si mzazi. Lakini ni kweli kwamba ningekuwa na uchungu wa mwana, nisingemnyang'anya chakula chake ili niwe sawa na mama yake.

Mume wangu alikuja na mwavuli na nguo kavu. Nilimweleza kila kitu hapo kwenye benchi, mvua inagonga mabati hata ikabidi nirudie maneno mara mbili. Ni jambo gumu kukiri dhambi kwa sauti ya kupiga kelele.

Aliniuliza, "Ulimwambia nini hasa, neno kwa neno?"

Nikamwambia.

"Ulichosema ni kweli," alisema. "Na ulichobakiza?"

"Ndicho kilichokuwa na kazi."

Kisha akanivua kitenge kilicholowa, akanivika kikavu. "Kesho asubuhi nitakusindikiza hadi mlangoni," alisema. "Ndani utaingia peke yako."

Jumatatu, 7 Aprili

Niliingia peke yangu.

Kitinda alikuwa anakunywa chai. Presha imeshuka, wanazungumzia kumruhusu ahamie chumba cha akina mama wanaosubiri watoto wao. Alipouona uso wangu akaweka kikombe chini.

"Amekufa?"

"Hajafa. Anaumwa. Tumbo." Nikavuta kiti, nikaona nikikaa sitasema, nikasimama. "Kitinda, kuna maneno niliagizwa kwako sikuyafikisha."

Nikamwambia yote, kama mtaalamu wa lishe alivyoyasema: kwamba maziwa yake hayana kasoro, ni bora kuliko chochote walicho nacho, kwamba unga ni wa kuziba pengo la kitovu, haukuja kuchukua nafasi yake, kwamba alitakiwa akamue zaidi, si kidogo. Nikamwambia na maziwa ya kopo. Nikamwambia na kijani kile.

Alisikiliza bila kunikatiza. Muuguzi alipita na sinia la vidonge, tukamsubiri apite.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu siku ile uliyokuwa unaongea na shemeji."

"Siku zote hizo, Dada, nilikuwa nalala hapa najiambia mwili wangu ni sumu. Mwili huu umemtoa mtoto kabla ya siku zake, halafu umemnyima chakula. Nilijiambia heri akue kwa unga kuliko akue kwangu. Niliyaacha yakauke makusudi. Yalikuwa yanauma, matiti yamekuwa mawe, nikajifunga kitambaa, nikasema acha yaume, ni haki yangu." Sauti yake haikupanda hata mara moja. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa na kila kitu."

"Nilikuwa na nini? Hata sura yake siijui. Wewe ndiye umemjua. Kila ukija una harufu yake."

Hilo sikuwahi kulifikiria. Wiki tatu nimeingia pale nanuka mtoto wake, nimeketi karibu yake.

"Nilikulea," nilisema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda nilitaka kitu cha kuweka upande wangu wa mizani.

"Ulinilea," alisema Kitinda. "Ndiyo maana nilikuamini."

Akaomba kikombe. Akafungua kitambaa kifuani, akaanza kukamua, kwa nguvu, kucha zimekuwa nyeupe. Halikutoka hata tone. Akahamia titi la pili. Kikombe kikapata alama ya unyevu tu, kama mtu aliyekipumulia. Niliinua mkono nimsaidie.

"Usinishike," alisema. "Mwite Sista anipeleke kwa mwanangu."

Sista alikuja na kiti cha magurudumu. Tulivuka uwanja, yeye anasukuma, mimi nyuma nimenyoosha mwavuli juu yao wawili. Mimi haukunifikia. Hakuna aliyegeuka, na ilikuwa sawa.

Jumanne, 8 Aprili

Jana Kitinda aliingiza mkono kwenye tundu la mashine, na Punje, ambaye hajawahi kumwona, hajamsikia kwa wiki tatu nzima, alikishika kidole chake. Alikishika mara moja, bila kusita. Nilidhani kukiri kutaniponya. Nilisimama pale kijicho kinanila kama siku ya kwanza, hata zaidi, maana sasa sina haki nacho.

Alhamisi, 10 Aprili

Tumbo limelainika. Sijala tangu juzi, leo nimekula.

Jumapili, 13 Aprili

Maziwa yamerudi. Kijiko cha chai, baada ya siku sita za kukamua kila baada ya saa chache, akiwa ameketi kando ya mashine ile akimtazama mtoto. Sista anasema kumtazama ndiko kunakoyaita. Mtaalamu wa lishe alikipokea kijiko kile kwa mikono miwili kama amepewa dhahabu. Wameanza na matone, bila unga kwanza, utumbo upumzike.

Shemeji amefika, tope hadi magotini. Alinishukuru mbele ya watu. "Shemeji, bila wewe ningekuwa nimezika wawili." Nilimtazama Kitinda. Kitinda alikuwa anakunja nepi.

Baadaye nilimfuata kwenye korido. "Hujamwambia."

"Sikunyamaza kwa ajili yako," alisema. "Anarudi barabarani kesho na tani thelathini nyuma yake. Nataka kichwa chake kiwe kimetulia."

Jumanne, 22 Aprili

Kirutubishi kimerudi. Nilienda chumba cha maziwa kwa mazoea, nikamkuta Kitinda amesimama kando ya mtaalamu, anachana pakiti mwenyewe. Alizungusha kikombe haraka, povu likatokea.

"Taratibu," nilisema kutoka mlangoni. "Ukitikisa, mengine yanabaki kwenye povu, hayamfikii."

Kitinda aliweka kikombe chini, akasubiri povu litulie, akakizungusha tena, taratibu. Hakugeuka kunitazama. Lakini hakuniambia niondoke. Niliosha vikombe vyote vilivyokuwa kwenye beseni, na vya watu wengine pia.

Jumamosi, 26 Aprili

Siku hizi anambeba yeye. Mimi nakaa kwenye benchi langu la nje.

Mama wa mapacha aliniomba nimshikie mmoja akaoge. Nilimfunga kifuani. Joto lilikuwa lile lile, harufu ilikuwa karibu sawa. Nikajisikia kama namsaliti Punje, kisha nikakumbuka hata Punje si wangu. Nikambeba yule mtoto wa watu vizuri tu, mpaka mama yake akarudi na maji yanamchuruzika nyweleni.

Jumapili, 4 Mei

Wamempa mtoto jina. Ni jina la mama yetu.

Kila mtu wodini alisema jina zuri, na shemeji kwenye simu alisikika analia. Mimi nilitoka nje. Jina lile nilikuwa nimeliweka. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Nilikuwa nimeliweka kama mtu anavyoweka kitambaa cha hariri kwenye sanduku, akisubiri siku. Kitinda hakunipokonya, hakujua. Ndicho kinachouma, kukosa hata wa kumlaumu.

Ijumaa, 9 Mei

Leo amenyonya mwenyewe, titi lenyewe, bila mrija. Mdomo ulifunguka kama wa ndege. Sista aliita wauguzi wenzake wote waje kuona, na mimi nikaitwa. Nilitazama. Nilitamani nisitazame, nikatazama mpaka mwisho.

Jumatatu, 12 Mei

Wameruhusiwa. Punje anakaribia kilo mbili, ana mashavu. Mtaalamu amewapa pakiti chache za nyumbani, za kutia kwenye maziwa ya kukamua mara mbili kwa siku, kwa wiki nne, huku mara nyingine zote akinyonya.

Nilimwambia Kitinda chumba kiko tayari. Alikuwa anafunga mizigo.

"Nakwenda kwangu, Dada."

"Shemeji yuko safarini. Utakuwa peke yako."

"Nitakuwa na mwanangu." Akafunga zipu. "Sikuchukii. Lakini nikija kwako sitajua kama naishi au naangaliwa. Niache kwanza nijue kuwa naweza."

Mume wangu alinikuta jioni nimesimama katikati ya kile chumba. Alileta ngazi yake na makopo yake ya rangi akaviegemeza ukutani, kisha akarudi kunishika mkono tukale.

Jumapili, 25 Mei

Dukani. Saruji imepanda bei. Kitinda hajapiga simu.

Ijumaa, 30 Mei

Hajapiga. Mteja mmoja alikuja na mtoto mgongoni kununua kitasa. Nilimpunguzia bei bila kuombwa, tajiri akaninunia kutwa.

Jumamosi, 7 Juni

Mvua zimeisha. Wiki nzima jua tupu, watu wametoa magodoro nje.

Kitinda alipiga asubuhi. Hakunisalimu hata. "Dada, sijalala. Njoo."

Nilimkuta mlangoni, macho mekundu, kanga imegeuzwa ndani nje, nywele hazijachanwa. Sijawahi kumwona mbaya hivyo, na sikufurahi, nalisema hilo kwa kuwa nilijichunguza. Mtoto alikuwa kitandani katikati ya mito miwili, amenona, amelala mikono juu kama aliyeshikwa na polisi.

"Nimekusamehe nusu," Kitinda alisema, kabla sijaketi.

"Na nusu nyingine?"

"Sijui. Labda akianza kutembea. Usiniharakishe." Akaonyesha meza. "Maziwa yake yako kwenye kikombe kile, nimekamua sasa hivi. Pakiti ile pale ndiyo ya mwisho. Akiamka uchanganye, umpe. Mimi nalala."

Akajitupa kwenye mkeka palepale sakafuni, na kabla sijavua viatu alikuwa anakoroma.

Mtoto aliamka baada ya muda mfupi. Nilinawa mikono, nikachana pakiti, nikazungusha mpaka unga wote ukaisha. Nikamkalisha mapajani, nikamgusisha kikombe mdomoni, akanywa kwa ulimi, kidogo kidogo, akinitazama. Alimaliza yote. Nilidhani atalala. Badala yake akanigeukia kifuani, akaanza kutafuta, anagonga kwa pua, anafungua mdomo, anakosa, anatafuta tena.

Nilikaa naye hivyo. Ningeweza kumbembeleza. Ningeweza kumfunga kitenge, kumzungusha chumbani, akachoka, akalala juu yangu mpaka jioni, na Kitinda asingejua. Mwili wangu wote ulitaka hivyo. Kitinda alikuwa amechoka kweli, na nani atamlaumu mtu kwa kumwacha aliyechoka apumzike?

Nikapiga magoti kwenye mkeka, mtoto mkononi, nikamtikisa bega.

"Amka, mdogo wangu," nilimwambia. "Anakutaka wewe."